Mshenga wa Serikali, Daraja la Pili

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa sikukuu tu. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua hawajapungukiwa na kitu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu wanaoelewana. Mwaka wa kumi na moja huu hajagombana mfanyakazi na mwenzake katika ofisi yoyote ya serikali, na takwimu zipo, nimeziona kwa macho yangu zikitungwa.

Zamani haikuwa hivi. Zamani watu walibishana kazini mchana kweupe. Nesi anamwambia daktari dozi hii itaua, rubani anamwambia mwenzake tunaelekea mlimani, na abiria wanasikia. Basi siku moja Mheshimiwa, mkuu wa nchi, alikwenda kukagua daraja linalojengwa, akamkuta fundi mmoja anamwambia fundi mwenzake, kwa sauti, mbele ya wageni, kwamba nguzo zile hazitabeba kitu. Mheshimiwa aliumia sana. Daraja lilikuja kuanguka baadaye kwa utaratibu wake na halikumsumbua. Kilichomuumiza ni ile sauti. Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Maelewano Kazini, na juu ya mlango wake wakaandika: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hapo ndipo tulipopata kazi sisi washenga.

Mshenga mnamjua. Kijana akitaka kuoa hajipeleki ukweni kudai binti, atatupiwa viatu. Hutumwa mtu mzima mwenye ulimi laini. Siku ya kwanza anabisha hodi, anakunywa chai, anauliza hali za watu na mifugo. Siku ya pili anadokeza kwamba kuna neno. Siku ya tatu analisema, tena kwa upole. Wizara ikajiuliza: ikiwa ulimi wa mshenga unaunganisha koo mbili, utashindwaje kuunganisha ofisi mbili? Ikatungwa sheria. Wafanyakazi wawili wakinuniana, majina yao huandikwa katika Daftari la Minuno, simu baina yao hukatwa, kila mmoja hubaki kituoni kwake asikutane na mwenzake njiani, na serikali huwapa mshenga. Ukimsemesha mwenzio moja kwa moja, hilo ni kosa la kujisemea. Miaka miwili.

Mimi Mbaruku ni Mshenga wa Serikali, Daraja la Pili. Nina kofia, nina mwavuli mweusi, nina Mwongozo wa Upole wenye kurasa mia nne, na nimeuhifadhi wote. Nisifiwe au nisisifiwe, hilo shauri lenu.

Sasa sikilizeni habari ya bwawa.

Juu kuna ukuta unaozuia maji. Chini yake kuna mji wa Bondeni, kaya elfu nne. Ng'ambo ya mji kuna kilima, na juu ya kilima kuna king'ora. Kikilia, watu wa Bondeni waache kila kitu wapande kilimani. Kazi ya kuutazama ukuta ni ya Injinia Nyamizi. Ufunguo wa king'ora anao Bwana Lugendo, anauvaa shingoni kwa kamba. Anayeona hana ufunguo, mwenye ufunguo haoni. Ni mpango mzuri, ili mradi wawili hao wasemezane.

Wakaacha kusemezana kwa sababu ya salamu. Walikuwa wamesoma darasa moja, wameanza kazi siku moja, na miaka yote hiyo Nyamizi alikuwa akimsalimu, "Mambo, Lugendo?" naye anajibu, "Poa." Kisha Lugendo akapandishwa cheo. Kesho yake Nyamizi akampigia simu, "Mambo, Lugendo?" Lugendo akasema, "Nimekuzidi miezi minne na daraja moja. Mimi wa kuamkiwa shikamoo." Nyamizi akacheka. Kicheko kile, wenzangu, ndicho kilichoandikwa katika Daftari la Minuno, ukurasa wa mia mbili na sita. Siku hiyohiyo simu ikakatwa, mlinzi akawekwa kwenye lango la ukuta, na mimi nikapewa faili.

Jumatatu Nyamizi aliniita. Nilimkuta kwenye ngazi za chini za ukuta, penseli sikioni, suruali imelowa mpaka magotini.

"Kaka Mbaruku, tazama," alisema.

Nikatazama. Palikuwa na ufa. Mtaniwia radhi kwa neno hilo, limo katika orodha ya maneno makali, na hata ile methali ya ufa na ukuta imefutwa katika vitabu vya shule. Pale ufa ulipoishia, usawa wa goti, Nyamizi alikuwa amechora mstari wa penseli, pembeni ameandika Jumatatu. Maji yalikuwa yanavuja.

"Wiki iliyopita yalitoka maji safi. Leo yanatoka na udongo. Unajua maana yake?"

"Mimi ni mshenga, Injinia."

"Maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Nenda kwa Lugendo. Mwambie apige king'ora leo, watu watoke. Mama yangu yuko kule chini, mguu wake unaujua mwenyewe, hawezi kukimbia. Akiambiwa mapema, majirani watambeba."

Nikafungua daftari, nikaandika. Nikamwambia nitalifikisha siku ya tatu.

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Kisha akasema, "Basi anza leo."

Nilianza siku hiyohiyo. Kutoka ukutani hadi kilimani ni mwendo wa saa moja na nusu, na njia ni moja, inapita katikati ya Bondeni. Pale kwenye kona ya soko alikuwa akikaa Bi Kalunde, mamake Nyamizi, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda, anakaanga vitumbua. Vitumbua vya mama yule, Mungu anisamehe, sijapata kula vingine. Kila nikipita nilikula viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za juu?"

"Njema, mama."

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Nikala, nikafuta mafuta mikononi, nikaenda zangu. Kwa Lugendo nilibisha hodi, nikanywa chai, nikauliza hali ya mkewe, ya watoto, ya mbuzi wake. Alinijibu vizuri. Alikuwa na hamu ya kujua nimetumwa nini, nikaona jicho lake linavyozunguka, lakini siku ya kwanza ni ya hodi. Nikaaga.

Jumanne mstari wa Nyamizi ulikuwa usawa wa kiuno. Nikapita sokoni, nikala viwili, nikaulizwa habari za juu, nikasema njema. Kwa Lugendo nikadokeza kwamba kuna neno.

"Lina uzito neno lenyewe?" aliuliza.

"Lina uzito wa wastani."

"Mwambie aanze kwa kuniamkia. Mengine tutaongea."

Nikarudi na jibu. Nyamizi hakufikiri hata kidogo. "Mpelekee shikamoo. Mpelekee shikamoo mia. Nitapiga magoti akitaka." Nikamweleza kwamba shikamoo ya kutumwa inahitaji mashahidi wawili na muhuri wa Wizara. Akakaa juu ya ngazi, akashika kichwa.

Bahati ilikuwepo, au niliiona hivyo. Jumatano Wizara ilituletea semina. Kila ofisi yenye majina katika Daftari la Minuno hupewa semina ya kujenga timu, na ya kwetu ilifanyika pale pale ukutani, katika chumba cha mikutano. Lugendo aliletwa na gari. Mwezeshaji alikuwa Bwana Simbeye kutoka makao makuu, mtu mwenye tabasamu refu na kalamu za rangi saba. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akasema kanuni ni moja tu: kila mtu amwambie mwenzake jambo zuri. Jambo baya lingesubiri semina ya mwakani. Kwa saa hiyo moja, alisema, sheria ya kujisemea imelegezwa.

Nyamizi akasimama. "Bwana Lugendo ana ufunguo mzuri," alisema. "Ningefurahi sana kuuona ukizunguka leo, kabla ya adhuhuri."

Tukapiga makofi. Simbeye akaandika kwa kijani: *Anathamini vitendea kazi vya mwenzake.*

Lugendo akasimama. "Injinia ana sauti nzuri. Ningefurahi kuisikia ikiniamkia."

Simbeye akaandika kwa zambarau. Kabla hajamaliza, Nyamizi alivuka chumba kizima, akasimama mbele ya Lugendo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Lugendo," alisema.

Nawaambia ukweli, Lugendo si mtu mbaya. Uso wake ulilegea, kwa kitambo akawa yule kijana wa darasa moja na Nyamizi. Alifungua mdomo kujibu. Na kama angejibu, ugomvi ungekuwa umekwisha pale pale, simu ingeunganishwa mchana ule, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini Simbeye aliinua mkono. "Samahani, ndugu zangu, samahani. Upatanisho haupo katika ratiba ya leo. Upatanisho ni Ijumaa, saa nne, kilimani, mbele ya Mheshimiwa Waziri. Mahema yameshatoka stoo. Sasa mkipatana leo, Waziri atakuja kupatanisha nani?"

Lugendo akafunga mdomo. Aliimeza ile marahaba. Nyamizi akasema, "Ijumaa ukuta hautakuwepo," na Simbeye akaandika kwa rangi nyekundu: *Injinia ana hisia.* Kisha tukavuta kamba, kundi kwa kundi. Kundi la Simbeye likashinda.

Alhamisi sikwenda popote. Mawe ya kando ya barabara yalikuwa yanapakwa chokaa kwa ajili ya Waziri, na wapita njia walizuiwa. Gari la matangazo lilizunguka Bondeni kutwa nzima: wananchi mnatangaziwa kwamba kesho Mheshimiwa Waziri akiwasili, king'ora kitapigwa kwa heshima yake, mkisikia king'ora, tokeni nyote, pangeni mstari kando ya barabara, mshangilie. Asiyetoka ataandikwa jina. Barabara ya Bondeni inafuata mto. Ndiyo iliyo tambarare.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa ukutani. Mstari wa Nyamizi sasa ulikuwa juu ya kichwa changu. Alikuwa ameuchora amesimama juu ya kiti. Maji hayakuwa yanavuja tena, yalikuwa yanatoka.

"Leo ni siku ya tatu," nilimwambia. "Leo nalisema."

"Utamwambiaje?"

Nikamsomea nilivyoandika kwa kufuata Mwongozo: Injinia anakusalimu sana, anausifu ufunguo wako, anaona ukuta umechangamka kidogo, na angependa jirani zetu wa chini wanyooshe miguu.

Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alinishika mkono wa shati, akasema polepole, "Kaka Mbaruku. Achana na Lugendo. Unapita kwa mama yangu, mimi mlinzi hanipitishi langoni, naye hana simu. Unakula kwake. Mwambie maneno manne tu: Bi Kalunde, panda kilimani. Yeye atawaambia wengine, soko zima linamsikiliza. Tafadhali."

"Injinia, mimi nimetumwa kwa Lugendo. Ujumbe wa ofisi nikimpa mama yako nitakuwa mchongezi. Nina miaka kumi kazini. Mwezi ujao napandishwa."

Akaniachia mkono. Gari la Wizara la kumpeleka kwenye sherehe lilikuwa limefika, la njia ya juu, lisilopita mjini. Aliingia kabla dereva hajamfungulia mlango. Nilidhani amefurahia sherehe. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaufuata ufunguo.

Nikashuka. Bondeni ilikuwa imependeza. Mawe meupe, watoto wamevaa sare, bendera za karatasi. Bi Kalunde alikuwa na kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo majirani watanibeba na kiti changu, nikamwone Waziri. Habari za juu?"

Nilikuwa na kitumbua mdomoni. Nilikitafuna mpaka kikaisha. Alikuwa ananitazama, anasubiri, na mkono wake unageuza vitumbua upande wa pili.

Nikamjibu, nikaenda zangu.

Kilimani palikuwa na mahema, zulia jekundu, na viti vya mstari wa mbele vyenye vitambaa. Lugendo alikuwa amesimama karibu na kibanda cha king'ora, amevaa suti. Nikamfikishia ujumbe, neno kwa neno, kwa sauti laini.

"Ukuta umechangamka," alirudia. "Mbaruku, umechangamka vipi?"

"Umechangamka, bwana."

"Una ufa?"

"Neno hilo halimo katika ujumbe."

"Nakuuliza wewe. Umeuona?"

Nikatazama mwavuli wangu. Lugendo akaelewa. Akavuta kamba shingoni, akatoa ufunguo. Alikuwa ameshaupachika kwenye tundu Simbeye alipomfikia.

"Ndugu yangu, hicho leo ni cha Waziri. Ukikipiga sasa, wananchi watajipanga bure, halafu Waziri akija hana wa kumshangilia. Utajibu nini? Subiri nusu saa, patana kwanza, kisha pigeni wote wawili, picha itapendeza."

Lugendo akautoa ufunguo. Hapo gari la njia ya juu, lililosimamishwa njiani kungoja chokaa ikauke, likafika, na Nyamizi akaruka, akaja mbio kwenye zulia.

"Lugendo, piga."

Alisema moja kwa moja, hakunitazama hata mimi mshenga wake. Walinzi wawili wakamshika kwa kosa la kujisemea. Akaendelea kusema huku ameshikwa, "Piga, Lugendo, piga kaka yangu, marahaba yako utaniambia baadaye." Simbeye akatazama saa yake. Waziri alikuwa amechelewa.

Ndipo tuliposikia. Haikuwa sauti kubwa kama mnavyodhani. Ilikuwa kama lori linalomwaga mawe mbali sana, halafu jingine, halafu mengi. Lugendo alimsukuma Simbeye, akaupachika ufunguo, akauzungusha.

King'ora kikalia. Kilikuwa king'ora kizuri, kilisikika kila nyumba.

Na watu wa Bondeni wakatoka. Walitoka vizuri sana, kama walivyotangaziwa. Kutoka kilimani tuliwaona wakijipanga pande zote mbili za barabara, wakipunga bendera, wanatutazama sisi wa juu. Nyamizi alikuwa akipiga kelele na kuwaashiria kwa mikono yote miwili kwamba wapande, wapande. Walinzi walikuwa wamemwachia, nao pia wakawa wanaashiria. Sote tulikuwa tunaashiria. Kule chini wakafurahi kuona tunawapungia, nao wakatupungia. Karibu na kona ya soko niliona kiti kimebebwa na watu wanne.

Maji yalikuja na udongo, rangi ya chai ya maziwa.

Sitaeleza. Sina neno katika Mwongozo, na nje ya Mwongozo sina pia. Bondeni ilipokuwa imekwisha, king'ora kilikuwa bado kinalia, hakuna aliyekumbuka kukizima. Lugendo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na suti yake. Alimgeukia Nyamizi, akamwambia, "Marahaba."

Tume iliundwa, ikafanya kazi kwa maelewano makubwa. Iligundua kwamba ukuta haukuwasilisha malalamiko kwa njia sahihi. Waziri, ambaye alisikia king'ora akiwa bado njiani, aliandikiwa kuwa amepokewa, na mahudhurio barabarani yakasifiwa. Bwana Lugendo alistaafishwa kwa sababu za kiafya, haongei. Injinia Nyamizi alipata miaka yake miwili. Mimi nilipandishwa. Ripoti inasema mshenga alifuata hatua zote tatu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Nyamizi gerezani. Nilivaa kofia mpya ya Daraja la Kwanza, kisha nikaivua langoni. Tulikaa kwenye benchi, katikati yetu pana meza.

"Asubuhi ile ulipita kwa mama?" aliuliza.

"Nilipita."

"Alikuwa anakaanga?"

"Alikuwa anakaanga. Alikuwa na kanga mpya."

"Akakuuliza habari za juu."

"Aliniuliza."

Hakuniuliza nilijibu nini. Nilingoja aniulize, nilitaka aniulize, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Alitazama mikono yake juu ya meza mpaka askari akasema muda umekwisha.

Tangu siku ile nimepata kasoro. Mtu akinisalimu habari za asubuhi, habari za kazi, habari za huko utokako, jibu halitoki. Naliona, nalijua, hata mtoto mdogo analijua, lakini halitoki. Jirani yangu wa ofisini amevumilia wiki tatu, kisha akaenda kushitaki kwamba nimemnunia. Jina langu limeandikwa katika Daftari la Minuno.

Leo mshenga wake amekuja, kijana mpole, Daraja la Tatu. Amebisha hodi, nimemtilia chai. Ameuliza hali ya mke wangu, nimenyamaza. Ameuliza hali ya watoto, nimenyamaza. Ameandika katika daftari lake, akafunga mwavuli vizuri, akasema siku ya kwanza imekwenda salama.